Kitufe cha "Mengine": tangu lini tunaulizwa mahitaji yetu?

Zamu ya leo ni yangu. Niliahidi historia na historia nitaandika, ila nianze na jambo lililonikuta mwenyewe, maana ndo lililonifanya nianze kusoma mambo haya.

Mwaka jana nilikuwa volontia kwenye zoezi la kuuliza wakimbizi mahitaji yao. Shirika silitaji. Walitupa fulana, tableti na mafunzo ya siku mbili, wakatutuma nyumba kwa nyumba. Maswali yalikuwa mengi: mko wangapi, mnalala vyumba vingapi, jana mlikula mara ngapi, bomba liko mbali kiasi gani. Swali la mwisho lilisema: taja mahitaji matatu makubwa ya familia yako. Chini yake kuna vitufe vya kubonyeza. Chakula, maji, makazi, afya, elimu, usalama, kuni. Na cha mwisho kabisa kimeandikwa "mengine".

Nikafika kwa mama mmoja wa kijiji cha pili kutoka kwetu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, kaa." Akanisogezea kigoda, yeye akakaa kwenye dumu la mafuta lililopinduliwa. Alijibu yote vizuri. Tulipofika swali la mwisho akanyamaza kidogo, halafu akasema: "La kwanza, nataka kujua kama baba wa watoto ni mzima au alikufa. Tangu vita vya 98 sijasikia. Kama alikufa niambiwe, nimlilie nimalize. La pili, binti yangu alimaliza shule, apate karatasi yake. La tatu andika unga."

Mimi na tableti yangu tukatazamana. Nikabonyeza "mengine" kwa la kwanza. Kwa la pili nikataka kubonyeza "mengine" tena, mashine ikakataa, haikubali kitu kimoja mara mbili. Basi nikaweka "elimu". La tatu "chakula". Nafasi ya kuandika maelezo ilikuwepo lakini tulishaambiwa tusiandike marefu, yanachelewesha kazi. Nikasema asante mama, nikaenda nyumba inayofuata.

Usiku sikulala vizuri. Nikajiuliza, kwani vile vitufe saba nani alivichagua? Na kwa nini ni vile?

Turudi nyuma kidogo. Watu wengi hapa wanafikiri mkimbizi wa kwanza Tanzania alikuwa Mrundi au Mnyarwanda. Hapana. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliokuwa wanatawala Tanganyika walipokea Wapolandi, wengi wakiwa akina mama na watoto waliotoka kwenye kambi za kazi za Urusi. Kambi yao kubwa ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, ikiwa na watu kama 5,000. Wengine walipelekwa Uganda, huko Masindi na Koja. Walijengewa nyumba za duara za makuti. Kilichonishangaza ni kwamba pale Tengeru kulikuwa na shule za ngazi mbalimbali, kanisa, hospitali, karakana na mashamba. Watoto walisoma kwa lugha yao, kwa vitabu vyao, vyeti vyao. Hakuna aliyesema tuwape kwanza unga na maji, shule tutaona baadaye. Sisemi walikaa raha, makaburi yao yapo Tengeru mpaka leo. Ninachosema ni kwamba waliowapokea waliwaona kama watu watakaoendelea kuishi, wakapanga kwa kufuata hilo. Mtu anaweza kuuliza kama rangi yao ilisaidia. Mimi naona ilisaidia.

Sasa twende 1972. Mauaji ya Burundi ya mwaka ule yalisukuma Warundi wengi kuvuka kuja Tanzania. Serikali ya Mwalimu Nyerere haikuwaweka kwenye mahema mpakani. Iliwapa ardhi porini: Ulyankulu huko Tabora kuanzia 1972, Katumba karibu na Mpanda mwaka uliofuata, na baadaye Mishamo. Kazi ilifanywa na watatu: Serikali, UNHCR, na shirika la makanisa la TCRS lililoanzishwa 1964. Familia ilipewa shamba, mbegu, jembe na chakula cha kusubiria mavuno. Baada ya misimu michache walikuwa wanajilisha na kuuza ziada, mpaka tumbaku walilima. Kufikia 1985 UNHCR ilikuwa imeshakabidhi makazi yale kwa Serikali. Mwaka 1983 Mwalimu alipewa tuzo ya Nansen kwa jinsi nchi yake ilivyopokea wakimbizi, na kwa maoni yangu aliistahili.

Lakini hata pale kulikuwa na kosa la tathmini, na linafundisha. Ulyankulu walihesabu watu, wakahesabu na ardhi kwenye ramani. Maji ya chini na nguvu ya udongo hawakuvipima vya kutosha. Watu walipojaa, ikaonekana eneo haliwezi kuwabeba wote. Ndo maana Mishamo ilifunguliwa 1978, na maelfu ya watu ambao walikuwa wameshalima, wameshajenga na kuzika wazazi wao Ulyankulu wakaambiwa panda lori. Sasa fikiria mtu aliyekimbia mara moja kwa sababu ya panga, anahama mara ya pili kwa sababu ya hesabu ya maji.

Hapo maswali yalikuwa bado ya mkulima: una mikono mingapi ya kulima, una watoto wangapi. Vitufe vyangu saba vilizaliwa baadaye, na vilizaliwa kwetu, Congo. Wazee wa Kivu wanakumbuka vizuri kuliko mimi ambaye sikuwepo.

Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Watutsi, Wanyarwanda walikimbia kwa wingi ambao dunia haikuwahi kuuona. Mwisho wa Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya siku moja hivi. Hao ndo walijaza Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya ujenzi ya Kiitaliano iliyokuwa na kambi yake pale. Benaco ilikuwa na bahati, kulikuwa na bwawa. Julai ikawa zamu ya Goma. Kati ya watu 500,000 na 800,000 waliingia Zaire kwa siku chache, wakakaa juu ya mawe ya volkano, Kibumba, Katale, Mugunga. Yale mawe hayachimbiki. Huwezi kuchimba choo wala kaburi. Kibumba haikuwa na maji kabisa, lazima yaletwe na magari. Watu wa Goma mjini wakachota Ziwa Kivu pamoja na wakimbizi, na kipindupindu kikaingia.

Madaktari waliokuwepo waliandika baadaye kwamba wiki ile ya kwanza maji safi yaliyoweza kugawiwa yalikuwa lita 0.2 kwa mtu kwa siku. Ni glasi moja hiyo. Glasi moja ya kunywa, kupika, kuosha mtoto anayeharisha. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi kabisa kwa kuharisha. Maiti zilifungwa kwenye mikeka zikalazwa kando ya barabara zisubiri lori.

Na mashirika yalikuwepo! Yalikuwa mengi, yenye bendera na magari na kamera. Kila moja lilikuja na alichokuwa nacho mtu ghalani kwake. Baada ya pale, nchi na mashirika mengi yalifanya uchunguzi mkubwa uliotoka 1996, ukasema wazi kuwa vifo vingi vingeweza kuzuilika kama kungekuwa na kipimo kimoja na watu wa kukisimamia. Mwaka 1997 mashirika pamoja na Msalaba Mwekundu wakaanzisha mradi unaoitwa Sphere kuandika vipimo hivyo. Ndo hivi mnavyovijua bila kujua mnavijua: maji lita 15 kwa mtu kwa siku. Bomba moja lisizidi watu 250, wala lisiwe mbali zaidi ya mita 500. Choo kimoja kwa watu 20. Chakula kilokalori 2,100. Paa la mita za mraba 3.5 kwa kila mtu.

Kwa hiyo siku nyingine ukiona volontia anapima kwa hatua kutoka nyumbani kwenu hadi bombani usimcheke. Ile namba imelipiwa Kibumba. Mimi nilikuwa naibonyeza kama mchezo, sasa siwezi. Lakini angalia pia vipimo vile vilitoka kwenye nini. Vilitoka kwenye swali moja: mtu afanyweje asife mwezi huu? Ni swali zuri, na pale Goma lilikuwa swali la kweli. Shida ni pale linapoulizwa mwezi wa kwanza, na mwaka wa kwanza, na mwaka wa ishirini na nane, kwa maneno yaleyale.

Kuna jambo jingine la 1994 lililobaki mpaka leo, nalo ni mashaka juu ya hesabu. Kule Goma na Benaco chakula kiligawiwa mwanzoni kupitia viongozi wa komuni, na wengi wao walikuwa walewale walioongoza mauaji. Waliongeza majina, wakachukua mgao wa watu wasiokuwepo, wakauza, wakawalisha askari wao, na mjane asiyekuwa upande wao akakosa. Mashirika yakaja kubadilisha, yakawa yanagawa kwa familia moja moja, kwa kadi. Nawaelewa. Lakini tangu hapo kila mkimbizi anahesabiwa kama mtu anayeweza kudanganya. Kutoka kadi tukaenda kitambaa cha mkononi, wino, picha, leo ni vidole na macho. Mashine ya macho inajua mimi ni mimi, lakini nina nini au nimekosa nini hiyo haiulizi.

Sasa tufike kwetu. Oktoba 1996 vita viliingia Uvira, watu wakashuka ziwani, wakapanda mitumbwi kuja Kigoma. Wazazi wangu walikuwa kati ya hao, kutoka upande wa Fizi. Novemba 1996 Nyarugusu ikafunguliwa huku Kasulu. Mwaka uliofuata ikawepo Lugufu pia, iliyokuja kufungwa 2009, watu wake wakaletwa hapa. Wakati wazazi wetu wanaingia, Wanyarwanda wa Ngara walikuwa wanaambiwa watoke: Desemba 1996 Serikali na UNHCR walitangaza kwamba wote warudi kabla ya mwaka kuisha. Nchi ilikuwa imechoka. Misitu ya Ngara ilikuwa imekatwa, na wanakijiji wenyeji nao walikuwa na malalamiko yao ambayo dodoso la wakimbizi haliyasikii. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 ikaja na mkazo wa kukaa ndani ya maeneo yaliyotengwa. Kwa hiyo wa 1972 walipewa jembe, wa 1996 tukapewa kadi. Na ukishapewa kadi, maswali yako nayo yanakuwa ya kadi.

Baba anasimulia kuwa miaka ya mwanzo waligawiwa mahindi mazima na maharage makavu. Hesabu ya kilokalori ilikuwa sawa kabisa kwenye karatasi. Lakini maharage makavu yanataka moto wa saa nyingi, mahindi yanataka mashine ya kusaga, na kusaga ni hela. Kwenye mgao hakukuwa na kuni wala hela ya kusagia. Basi mama anauza sehemu ya mahindi ili asage yaliyobaki, anatuma binti porini akatafute kuni. Zaidi ya kilomita 4 nje ya kambi bila kibali ni kosa, na kuni za karibu zilikwisha zamani. Yaliyowapata wasichana wengi huko porini mnayajua, sitaandika hapa. Kuni zilikuja kuingia kwenye orodha ya vitufe baadaye sana, baada ya watu kupiga kelele miaka. Kila nikiona kile kitufe cha kuni nakumbuka kwamba zamani nacho kilikuwa ndani ya "mengine".

Hapo nataka kusema kitu kuhusu kuuza mgao, maana ni aibu tunayobebeshwa. Mgeni akija sokoni akiona unga wa msaada unauzwa, anaandika: wamezidishiwa, hawana njaa. Jamani. Mtu anauza kilo tatu za unga ili apate sabuni, chumvi, dagaa, dawa, daftari la mtoto. Usiku wanalala na njaa. Ule unga uliowekwa juu ya gunia sokoni ni dodoso lililojazwa na mwenye shida mwenyewe, kwa mkono wake. Anayejua kulisoma atajua kila kitu.

Kuna wakati mtu alilisoma. Mwisho wa 2016 WFP ilianza hapa Nyarugusu kujaribu kutoa fedha badala ya chakula kwa baadhi ya familia, kupitia simu. Waliopata wananiambia walinunua mchele, nyama kidogo, mihogo ya wenyeji wa Makere, na wenyeji wakafurahi maana hela iliingia kwao. Ule ndo ulikuwa uchunguzi wa mahitaji ulio safi kuliko wote niliousikia, kwa sababu hakuna aliyeuliza, kila mama alijijibu mwenyewe. Mwaka 2017 ukasimamishwa. Agosti mwaka huohuo, kwa upungufu wa wafadhili, mgao wa chakula ukashuka hadi asilimia 62. Mwanzoni mwa 2018 Tanzania ikajitoa kwenye ule mpango wa Umoja wa Mataifa uliokuwa unataka wakimbizi wajumuishwe na wenyeji, ikisema dunia haikuleta fedha ilizoahidi na kuna suala la usalama. Kuhusu fedha, ukweli ni kwamba hazikuja. Ukimtwika mwenyeji mzigo halafu ukamwachia peke yake, usishangae akiutua.

Nisisahau 2015. Warundi walivyokimbia mwaka ule, maelfu kwa maelfu walirundikana Kagunga, kijiji kidogo pembeni ya Ziwa Tanganyika chenye mlima nyuma na maji mbele. Kipindupindu kikaja tena, kama Goma, safari hii ndogo zaidi. Meli ya Liemba, ile ya tangu enzi ya Wajerumani, ikawa inawabeba mpaka Kigoma, halafu mabasi mpaka hapa. Walilala madarasani na makanisani kwetu. Mimi nilikuwa kijana mdogo, shule ikasimama kwanza. Na pale niliona vile vipimo vya Sphere vikifanya kazi kweli: matangi yalifungwa haraka, vyoo vikachimbwa, wafu hawakuwa maelfu. Kwa mwezi wa kwanza, mashirika yamejifunza. Niseme ukweli huo, nisiwe mtu wa kulalamika tu.

Lakini kuna hadithi moja ambayo naona vijana wengi hawaijui, na ndiyo iliyonipa nguvu kuandika. Mwaka 2007 kwenye yale makazi ya zamani, Katumba, Mishamo na Ulyankulu, kulikuwa na Warundi wa 1972 pamoja na watoto na wajukuu wao, jumla kama 218,000. Serikali na UNHCR waliwahesabu, na safari hii kwenye karatasi waliweka swali ambalo halikuwahi kuulizwa: unataka kurudi Burundi, au unataka kuwa raia wa Tanzania? Kama asilimia 80 walisema uraia. Waliobaki walisema kurudi, na wakasaidiwa kurudi.

Hebu tulia hapo. Watu wameishi miaka 35. Wamehesabiwa mara ngapi? Wamepimwa watoto mikono, wamechanjwa, wameulizwa juu ya maji na mbegu. Na hitaji kubwa kuliko yote, kuwa mtu wa mahali fulani, lilikuwa limekaa kimya miaka 35 kwa sababu hakuna karatasi yenye swali lake. Lilipoulizwa, jibu lilitoka siku hiyohiyo. Sio kwamba watu walikuwa hawajui wanachotaka.

Kuuliza na kutimiza ni vitu viwili lakini. Maombi yalikubaliwa miaka michache baadaye, halafu likaja sharti kwamba wahame makazi yale wakasambazwe mikoa mingine, wakakataa kuacha mashamba na makaburi, wakakaa kati, si wakimbizi si raia. Vyeti vilianza kutolewa Oktoba 2014 chini ya Rais Kikwete, kwa watu zaidi ya 162,000. Wapo wazee waliojibu lile swali 2007 wakafa kabla cheti hakijafika. Hata hivyo ni jambo kubwa, nchi chache duniani zimewahi kufanya hivyo, na Watanzania wanastahili kuambiwa hivyo na sisi tunaoishi kwao.

Kwa nini naleta haya leo? Kwa sababu zamani dodoso lilikuwa jambo la ripoti tu. Ukijibu vizuri au vibaya, mgao ni uleule kwa wote. Sasa imebadilika. Fedha zimepungua, hapa kwetu 2023 mgao ulishuka hadi nusu, na majirani zetu wameanza kupanga watu kwa makundi kwa kufuata majibu yao. Uganda mwaka 2023 wakimbizi waligawanywa makundi matatu kwa kiwango cha udhaifu, na 2025 watu kama milioni moja wakaondolewa kabisa kwenye chakula. Kakuma nako 2025 wamewekwa makundi manne, wa kundi la mwisho wanaambiwa wanajiweza, hawapati. Nyie wa Kakuma mnajua vizuri kuliko mimi jinsi watu walivyoandamana.

Kwa hiyo kitufe anachobonyeza volontia kama mimi sasa kinaweza kuamua nani anakula. Tena tunabonyeza tukiwa tumechoka, jua kali, nyumba ya ishirini. Kuna swali kwenye tableti yangu lilisema: je, familia ina simu? Mzee mmoja alisema ndiyo. Simu yenyewe ni kitochi kilichofungwa mpira, kaletewa na mwanawe apigiwe akiugua. Mashine haikuuliza ni simu gani. Niliweka ndiyo, kwa sababu ndiyo ndilo jibu. Sijui ilimfanyia nini kwenye hesabu yao, na hilo linanisumbua.

Matokeo ya zoezi letu yalikuja kuonyeshwa kwenye ukumbi, ukutani, kwa michoro ya rangi. Chakula kilikuwa mnara mrefu wa bluu. Maji, kijani. Mwisho kabisa kulikuwa na kimstari kifupi cha kijivu. Wenyeviti wa vijiji walikuwepo, sisi volontia tumekaa nyuma. Nikainua mkono, nikauliza ule wa kijivu una nini ndani. Yule aliyekuwa anaonyesha, mtu mpole tu, akasema: "Hayo ni majibu ambayo hayakuweza kupangwa." Akaenda kwenye mchoro unaofuata. Nikamtafuta yule mama kwa macho, hakuwepo, hakualikwa. Na karatasi ya binti yake ilikuwa kwenye mnara wa elimu, pamoja na madawati.

Tangu siku ile nina daftari la mistari la kurasa 48, nimeandika juu yake MENGINE. Wenzangu watatu tuliofanya nao lile zoezi wameniongezea walichokumbuka. Hatuandiki jina la mtu wala namba ya nyumba. Hadi leo yamo haya, naandika kama yalivyosemwa:

"Nijue mume wangu yuko hai au alikufa."

"Kibali cha kwenda Kasulu kumwona dada hospitali bila kuomba wiki mbili."

"Mtoto wangu anauliza yeye ni wa wapi, nimjibu nini?"

"Kaburi la mama liwekewe jiwe, mti umeoza."

"Mtu wa kukaa na baba usiku, anapiga kelele za vita."

"Pedi. Lakini usimwambie mwenzako, ni mwanaume."

"Nilikuwa fundi wa injini za boti, nifanye ufundi wangu."

"Mtuambie kama tutafukuzwa, tujue kupanda mwembe au tusipande."

Tumeambiwa kuna zoezi jingine linakuja baada ya mvua na watachukua volontia tena. Nitaomba. Wale mlioko Kakuma na Nakivale mliowahi kushika tableti, mniandikie kwenu kile kitufe cha mwisho kinaitwaje, na watu walisema nini mlipokibonyeza. Daftari bado lina kurasa.